Aliyesema Haya Si Mimi

Chumba cha Uani,
Nyumba ya Bibi.
Jumanne, tarehe 11.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limetulia tangu walipokuhamishia kazi za chini usipande tena zile ngazi. Kikohozi je? Kama bado kinakusumbua, usikiache ukazeeka nacho. Mumeo naye mwambie nimemwamkia, na kwamba sukari anayoificha kabatini kila mtu anajua ilipo.

Huku sisi ni wazima wa mwili. Wa roho sisemi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua Kaka amekwisha kukupigia. Kaka yangu akikosea huwa wa kwanza kushika simu. Najua pia alichokwambia: kwamba nilimwamuru mbwa wangu, Kimya, amng'ate mgeni wake kwa neno la siri. Jumapili atatukusanya sebuleni, atakupigia tena, na wewe uliyeachiwa na Bibi usemi wa nyumba hii utoe neno la mwisho. Amekwisha kukuandalia la kusema. Ama Kimya apewe huyo mgeni awe fidia, ama daktari wa mifugo amchome sindano ya kufa, ama mimi na mbwa wangu tuondoke hapa. Njia ni tatu na zote ni zake.

Ningekupigia nami, lakini kwenye simu ningelia, na nikilia Kaka husema nimeanza. Basi barua hii nampa muuguzi wa jirani anayesafiri kesho kuja huko, akukabidhi mkononi. Isome na miwani, tafadhali, si kwa kubahatisha.

Nianze mbali kidogo, maana uliondoka nikiwa bado dobi wa hoteli, na uliposikia nimekuwa mwalimu wa mbwa ulicheka mpaka simu ikakatika. Hukukosea kucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikisuuza kikombe kabla ya kunywa na baada ya kunywa, na katikati nikikitazama kwa mashaka. Wewe ndiye uliyeniita Bi Kinyaa, na tangu hapo hakuna anayekumbuka kama nina jina jingine.

Kazi ya kufua hotelini, Shangazi, inakuonyesha binadamu upande ambao hawakutaka uuone. Shuka haina adabu ya kuficha. Mtu anatoka kwenye lifti na tai yake, ananukia, anaitikia salamu kwa sauti nzito, na mimi nimetoka kushika taulo yake kwa ncha za vidole. Kuna aliyefutia viatu kwenye foronya. Kuna aliyekuwa akikatia kucha za miguu kitandani na kuziacha humohumo, zinidunge mimi. Niliwachukia watu kimyakimya kwa muda mrefu nikidhani ni uchovu wa pasi.

Siku moja shuka za mpiga piano wa hoteli zikaja na nywele fupi, nyekundu kama vumbi la matofali. Nikasema huyu bwana analala na mnyama. Nikapanda juu nikiwa nimejaa maneno ya kushtaki, nikabisha, nikafunguliwa. Kwenye kiti alikuwa ameketi mbwa mdogo mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja juu ya mgongo kama kishikio cha kikombe, na paji la uso lina makunyanzi kama mtu aliyeletewa habari asiyoiamini. Hakubweka. Alinitazama, akalamba kiganja chake cha mbele, akanawa uso. Nasema akanawa uso, Shangazi, kama paka, mpaka nyuma ya masikio. Nikainama nikamnusa, na hakuwa na harufu yoyote.

Mpiga piano aliniomba nisiseme kitu. Akanieleza kwamba mbwa wa kabila lile ni adimu na hawabweki, ndiyo maana aliweza kumficha pale bila meneja kujua. Wakifurahi hutoa sauti fulani, kama mtu anayesukutua koo huku anajaribu kuimba. Wanajisafisha wenyewe kutwa nzima. Hawapendi maji ya mvua, hawapendi tope, na hawapendi kushikwashikwa na watu wasiowajua. Nikajisemea moyoni, kumbe nina ndugu duniani.

Mkataba wake ulipokwisha, yule mbwa alikuwa amezaa watoto wawili, jike na dume. Dume alikwenda kwa mfugaji mmoja nitakayemtaja mbele, tena nitamtaja huku nimeziba pua. Jike nikapewa mimi bure, eti kwa kuwa ndiye mtu pekee hotelini aliyenawa mikono kabla ya kumshika mbwa. Huyo ndiye Kimya. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote chenye manyoya, na kuliko baadhi ya visivyo na manyoya.

Ila kupenda ni kitu kimoja na kuelewana ni kingine. Alipokua alijua kufungua droo. Alikula kiatu kimoja cha Wifi, cha kulia, na kukiacha cha kushoto kikiwa kizima ili uchungu usipungue. Ukimwita anakutazama kama karani anayekula chakula cha mchana. Kaka akasema mbwa huyu nimeshindwa naye, na unajua mimi nikiambiwa nimeshindwa ninavyokuwa.

Nikampeleka kwa mzee mmoja anayefundisha mbwa wa walinzi, watu wote humwita Mwalimu. Alimfokea Kimya kwa sauti ya kutikisa mabati. Kimya akapiga mwayo. "Huyu si mbwa, mama," akasema, "huyu ni paka aliyekosea mlango. Mrudishe nyumbani umpe kiti." Nikakataa kuondoka. Nikamwambia nitamsafishia mabanda, yeye anifundishe kazi.

Shangazi, hapo ndipo nilipolipia kila kikombe nilichowahi kukikataa. Banda la mbwa wakubwa asubuhi si jambo la kumwandikia mtu anayetaka kula. Na chakula chao ni mapafu ya ng'ombe yanayochemshwa kwenye pipa mpaka yavimbe yaelee, huku povu la kijivu likipanda na kumwagika motoni. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya tangi la maji. Mwalimu alinihurumia, akaniambia nipumue kwa mdomo. Nikamjibu kwamba nikipumua kwa mdomo nitaionja.

Nilidumu. Sijui nilidumuje, ila kila nilipotaka kutupa ndoo nilimwona Kimya ameketi juu ya kiti cha Mwalimu, mahali pakavu pekee, akinawa uso na kunisubiri. Mbwa wa Mwalimu walifundishwa kwa mnyororo na makelele. Kimya alifundishika kwa vipande vya samaki mkavu na subira. Mkono mtupu haulambwi, na kabila lile wanaufuata msemo huo kama sheria. Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaanza kuniletea mbwa walioshindikana.

Sasa nifungue masikio yako kwa jambo dogo la kazi hii, maana kesi yote imesimama juu yake. Mbwa hufundishwa neno la kumtuliza na neno la kumwachilia. Neno la kutuliza tunalo zuri, "kaa". Kaa ni keti, na kaa ni baki hapohapo. Ukimwambia mbwa "kaa" haina mwisho, kama mtoto aliyeambiwa akae kwa shangazi yake: anakaa mpaka aambiwe vingine. Ndiyo maana lazima pawe na neno la pili linalomwambia sasa umemaliza, nenda, uko huru.

Nami kwa ugeni wangu nikachagua "haya". Lilikuja tu mdomoni. Kimya akikaa vizuri, nasema "haya", anaruka, anapata samaki wake. Mwalimu aliposikia alishika kiuno. "Umechagua neno la kila mtu," akasema. "Nani asiyesema haya? Mwenye duka anasema, mtangazaji anasema, mtu akiamka kwenye kiti tu anasema. Umempa kila mtu ufunguo wa mbwa wako." Alisema kweli. Tangu siku hiyo Kimya huketi na kuinuka mbele ya redio kama mtu kwenye ibada ndefu. Nimejaribu kulibadilisha nikashindwa, maana kabila lile likishajua jambo haliombwi kulisahau. Mbwa wa wateja nawafundisha "huru". Kimya amebaki na "haya" yake.

Nikaacha kufua. Leo nazunguka majumba ya watu nikiwafundishia mbwa, na kusema kweli mbwa hawajanitia kinyaa tangu nilipotoka kwenye yale mapipa. Watu ndio. Kuna mama anakula kwa kijiko kimoja na mbwa wake, kisha kijiko hichohicho ananipa nikorogee chai. Kuna bwana anayempiga mbwa kwa gazeti lililokunjwa, halafu ananiuliza kwa nini mnyama akimwona anasoma habari anajikojolea. Mbwa akichafuka unamwosha. Mtu aliyechafuka ndani utamwingiza sabuni kwa njia ipi?

Ndipo nije kwa huyo mfugaji, mgeni wa Kaka. Mimi humwita Kucha. Anafuga ukucha wa kidole kidogo, mrefu, wa manjano, na chini yake kuna kitu cheusi ambacho sijapata ujasiri wa kukiuliza. Anachokonolea sikio kwa ukucha huo, anautazama, anaufuta kwenye suruali, kisha anakupa mkono. Mimi siku hiyo nilijifanya nimebeba vitu mikono yote miwili.

Nilikwenda kwake mwaka jana kumwona ndugu yake Kimya, yule dume wa tumbo moja. Nilitaka tu kujua kama anaendelea vizuri. Nyuma ya nyumba kuna vizimba vya waya vimepandana, cha juu kinadondokea cha chini. Maji ya kunywa yamekuwa ya kijani. Harufu yake ni ya mkojo uliochemka na jua, inakuingia kwenye nywele ukalala nayo. Na humo ndani nikamwona. Mbwa wa kabila linalonawa uso, Shangazi, amesimama kwenye uchafu wake mwenyewe mpaka kwenye vifundo, na bado alikuwa akijitahidi. Alilamba mguu mmoja mpaka ukawa safi, akautua palepale, akaunyanyua, akaanza upya. Sijawahi kuona kitu kilichonichafua moyo kama mguu ule.

Nikauliza kwa nini hawasafishi. Kucha akasema wateja huonyeshwa watoto tu, tena kwenye kikapu chenye kitambaa. Nikauliza anampandisha na nani, maana mbwa wa kabila lile ni wachache mno. Akajibu bila hata kupepesa kwamba amempandisha na binti aliyemzaa dume huyohuyo. Watoto walizaliwa taya zimepinda, hawawezi kunyonya. "Waliobaki wanauzika," akasema. Nikarudi nyumbani nikaoga, nikaoga tena, na bado nikalala nikijisikia mchafu.

Kosa langu lilikuwa kusimulia hayo mezani. Nilisimulia ili watu wachukie kama nilivyochukia. Wifi aliacha kula, Mungu ambariki. Kaka akaendelea kutafuna, akauliza, "Kwa hiyo hao mbwa ni adimu kabisa? Na watu wanawatafuta?" Mimi nasimulia mavi, yeye anasikia biashara.

Unamjua Kaka. Si mtu mwovu, na sikuandikii ili umchukie. Alinibeba mgongoni nilipovunjika mguu, hilo nalikumbuka. Lakini ana ugonjwa wa kutaka kuwa bwana mkubwa kwa njia ya mkato. Alifuga sungura, unajua walivyoishia. Akaja na uyoga, chumba chote cha stoo kikaota ukungu usiolika. Safari hii mali aliiona imelala kwenye mkeka wangu, inajilamba.

Ijumaa ya juzi akaniita sebuleni, akaniambia nije na Kimya, kuna mgeni anapenda mbwa. Nikaingia, nikakutana na harufu kwanza, kisha nikamwona Kucha ameketi kwenye kiti chako, kile cha mito ya kijani. Amekunja nne. Mbele yake Wifi ameweka chai kwenye vikombe vya Bibi. Nilitazama kile kikombe mdomoni mwake nikajua kwamba nitakichemsha baadaye.

"Mwambie mbwa wako atulie, mgeni amwangalie," Kaka akasema.

Kwa heshima ya nyumba nikamwambia Kimya "kaa". Akaketi. Kucha akainuka, akamzunguka kama mnunuzi wa kabati. Akamwinua mkia akachungulia. Akamminya tumbo. Kimya alinitazama na yale makunyanzi yake yote, lakini alikuwa ameambiwa kaa, akakaa. Kisha yule mtu akamfungua mdomo kwa vidole vyake vile, na ule ukucha ukapita juu ya fizi za mbwa wangu taratibu, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mate yalinijaa mdomoni ikabidi niyameze.

"Safi," Kucha akasema, mkono bado uko ndani. "Joto lake likifika nitakuja na kaka yake. Damu haitachanganyika hata tone."

Nikauliza kaka yake nani. Nilijua, ila nilitaka kusikia kama kuna binadamu atakayelisema.

"Yule dume wake," Kaka akadakia. "Tumeshazungumza. Watoto tutagawana."

"Huyo ni ndugu yake wa tumbo moja."

"Mbwa hana ukoo, dada."

"Mbwa hana," nikamwambia. "Wewe unao. Na mbwa ni wangu."

Hapo Kaka akaona aibu mbele ya mgeni, si aibu ya jambo lenyewe, aibu ya kupingwa. Akafanya anavyofanya siku zote anapotaka mazungumzo yaishe kabla hayajamshinda. Akapiga mikono pamoja, pa, akasema kwa sauti ya mwenyekiti, "Haya. Basi, tumeelewana."

Ni yeye, Shangazi. Mimi nilikuwa nimefunga mdomo. Kaka yangu, kwa kinywa chake, ndani ya sebule ya Bibi, alimwachilia mbwa huku mkono wa mgeni ukiwa bado katikati ya meno. Na Kimya, ambaye alikuwa amevumilia yote yale kwa ajili ya neno moja, alipolisikia neno la pili akafunga mdomo.

Hakumrarua, usiamini habari za kurarua. Alimbana mara moja, akamwachia, akatembea mpaka kwenye mkeka wake, akaanza kunawa uso. Nadhani alitaka kuitoa ile ladha. Kidole kilitoka damu, kikafungwa, kimepona. Kilichokatika ni ukucha, ulikatika kuanzia shinani, na naamini hicho ndicho Kucha anacholilia. Wifi aliuzoa kwa kizoleo cha takataka, uso ameugeuzia ukutani. Nikisema sikufurahi nitakuwa nakudanganya, na barua hii nimeiandika ili uwe na mtu mmoja asiyekudanganya.

Jambo jingine ambalo Kaka hakukwambia. Katika kuhangaika alinyakua kile kitambaa cheupe cha meza alichodarizi Bibi, akamfungia nacho Kucha mkono. Usishtuke, kiko salama. Nilikidai kabla hajavuka mlango, nikakiloweka kwenye maji baridi na chumvi saa ileile. Damu ikipata maji ya moto inapikwa, haitoki tena. Kimetoka kama kilivyokuwa. Mambo mengine ya siku ile sijui yataoshwa na nini.

Nilimweleza Kaka kuhusu neno "haya". Nilimweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Akasema hakuna mbwa duniani anayefundishwa neno ambalo kila mtu analitumia, kwa hiyo nadanganya, kwa hiyo kuna neno la siri. Kisha akaniletea methali. "Mbwa abwekaye haumi," akasema, "na huyu wako habweki. Jijazie mwenyewe." Nilitaka kucheka, ila moyo ulikuwa umenichafuka mno.

Anayejua ukweli ni Wifi. Juzi alikuwa ameleta sinia la chai, Kimya ameketi mlangoni kwa amri yangu, Wifi akasema peke yake, "Haya, nimesahau sukari." Kimya akainuka akaondoka zake. Wifi akasimama na sinia mkononi. Akaniomba nimkalishe tena. Akasema "haya" kwa sauti ndogo, na mbwa akainuka. Akamwomba Mungu msamaha, sijui kwa kosa lipi, akaenda jikoni akacheka mpaka nikamsikia anakohoa. Muulize Jumapili. Atasema kweli ukimuuliza wewe, maana mume wake amekwisha kumwambia anyamaze.

Tangu hapo Kaka hajaniambia ondoka. Hapana, yeye ni muungwana. Bakuli la Kimya amelihamishia nje ya geti. Mkeka wake nimeukuta umelowa maji. Jana taa ya chumba cha uani ilikatwa, eti fundi anakuja, na fundi mwenyewe ninamwona anapita barabarani kila siku hajui kama anasubiriwa. Akufukuzaye hakwambii toka. Na jioni Kucha alipiga simu, nikamsikia Kaka akicheka naye na kumwambia awe na subira kidogo, mambo yako njiani. Kidole cha mgeni hakina shida tena, Shangazi. Wanachokitaka ni tumbo la Kimya.

Nimekinai. Nimefua uchafu wa wageni, nimesomba ndoo za mabanda, nimeonja hewa ya mapafu yaliyochemka, na sijawahi kujisikia kichefuchefu kama ninachokipata nikiketi mezani na mtu aliyenyonya ziwa moja nami, akinipangia kumpeleka Kimya kwenye kile kizimba, akasimame kwenye uchafu na kulamba mguu mmoja mpaka afe. Na eti mimi ndiye ninayeambiwa nimekosa haya. Katika nyumba hii mwenye haya ni mbwa peke yake, tena nilimfundisha mimi.

Salamu zangu zimfikie mumeo, na binamu zangu wote wawili, yule Kipara na yule Mtaratibu, na mama mkwe wako kama bado anauliza habari zangu. Wifi anakusalimu sana. Watoto wa Kaka wanakusalimu, na mdogo anaomba uje na viatu vyenye taa. Mwalimu naye, ingawa humjui, amesema nikuandikie kwamba mwanao ana mkono mzuri wa kazi. Mungu akulinde huko ugenini, akupe usingizi, na akuepushe na watu wenye kucha ndefu.

Sasa nimalizie la Jumapili. Kaka ataweka simu mezani, ataiongeza sauti ili sote tusikie. Mimi nitakuwa kwenye kigoda karibu na mlango, na Kimya nitamwambia kaa, miguuni pangu. Nakujua, Shangazi. Kila simu yako unaimaliza kwa "haya, haya mwanangu", hata ukiwa umekasirika. Safari hii nakuomba ulishike hilo neno. Ukiona tubaki, tukaripie utakavyo, nigombeze mpaka uchoke, kisha kata simu bila kulisema, nasi tutakaa. Na ukiona Kaka ana haki, usijisumbue kutafuta maneno ya kunipoza. Liseme mara moja tu. Kimya atainuka aelekee mlangoni, na mimi sitamwita arudi. Nitachukua kamba yake nimfuate.

Ni mimi mwanao nikupendaye, niliyekaa nangoja,

Bi Kinyaa